Siku Moja Unguja Pamoja na Mama

Wengi wenu mmeniuliza habari za safari yetu ya Unguja, nami nimewajibu kwa maneno machache njiani na mlangoni pa kanisa, maana habari yenyewe si ya kusimuliwa kwa kusimama. Sasa nimepewa nafasi katika gazeti letu, nitaieleza kama ilivyokuwa, wala sitalificha lile lililonitia haya.

Sisi ni watu wa Masasi. Kila mtoto wa kwetu anajua ya kuwa mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja pamoja na watu hamsini na zaidi waliokuwa wamefunguliwa katika utumwa, wakashuka Lindi, wakaenda kwa miguu hata wakafika chini ya milima ya mawe ya Masasi. Nia ilikuwa kuwarudisha karibu na makwao, upande wa Ziwa Nyasa. Lakini walipoiona nchi ile wakaipenda, wakakaa. Katika watu hao, kwa masimulizi ya ukoo wetu, alikuwamo msichana mmoja ambaye ndiye mama wa bibi yake mama yangu. Alipobatizwa alipewa jina jipya, na jina hilo tunalo, limeandikwa. Jina alilopewa na mama yake mzazi hatunalo, wala hakuna mtu duniani alijuaye.

Mama yangu amekwisha kupita miaka sabini na mitano. Alipokuwa mtoto alilala chumba kimoja na bibi yake, naye bibi alimsimulia habari za msichana yule kama alivyozisikia kwake mwenyewe. Zilikuwa habari fupi sana. Alisema ya kwamba chombo kilinuka. Ya kwamba Unguja walisimamishwa juani muda mrefu. Na ya kwamba mtu mmoja alimpa embe. Basi, hayo tu. Mama ameyatunza maneno hayo matatu kama mtu atunzavyo mbegu, na tangu baba alipofariki amekuwa akisema, "Kabla magoti yangu hayajakataa kabisa, nataka nifike Unguja."

Hivyo mwaka uliopita, shule zilipofungwa, mimi na mke wangu tulikusanya akiba yetu, tukaondoka watu sita: Mama, sisi wawili, binti yetu mkubwa aliye kidato cha tatu, mdogo wake wa kiume, na kitinda mimba wetu wa miaka sita. Safari ya basi mpaka Dar es Salaam ilikula siku nzima, nami sitaieleza. Kutoka huko meli ya mwendo wa kasi hufika Unguja kwa muda wa saa mbili hivi. Shemeji yangu anakaa Ng'ambo, akatupokea vizuri, akatulaza. Wageni wengi hawajui kwa nini upande ule huitwa Ng'ambo. Zamani mkono wa bahari uliingia kati, ukautenga Mji Mkongwe na upande wa pili, na watu walivuka kwa daraja. Ndiyo maana mahali penye soko kubwa panaitwa Darajani mpaka leo, ingawa maji yalikwisha fukiwa na sasa yanapita magari.

Asubuhi tulivuka hilo daraja lisilokuwapo, tukapita pembeni mwa soko lililojengwa mwaka 1904, tukaingia Mkunazini. Nalikuwa nimepanga tuanze kanisani kabla ya jua kuwa kali na kabla ya wageni kuwa wengi, na nawashauri wengine wafanye vivyo hivyo, hasa mkiwa na mzee. Chukueni maji, vaeni nguo za heshima zinazofunika mabega na magoti, maana mji ule ni wa Waislamu na watu wake ni wapole kwa mgeni aliye na adabu. Wala msimpige mtu picha kabla ya kumwomba.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Kwa miaka kumi na minane nimefundisha watoto habari za utumwa, na ukutani mwa darasa langu ipo picha ya vyumba viwili vya chini ya ardhi vilivyo pale Mkunazini, vyenye dari fupi na vitundu vyembamba vya kuingiza mwanga. Kila mwaka nimesimama mbele ya picha ile nikasema, "Humu ndimo walimolazwa watumwa wakingoja kuuzwa, na humu ndimo alimolazwa bibi yetu." Nalisema hivyo kwa uhakika, kama mtu aliyekuwapo.

Tulimpata kijana wa kutuongoza, mtu mwenye maneno mazuri, akatushusha ngazi. Mama alikataa kwanza. Akasimama juu akishika ukuta. Kisha akasema, "Nimetoka mbali," akashuka polepole, mjukuu mmoja mbele na mmoja nyuma. Ndani mle mtu mzima hawezi kusimama wima. Mama alikaa juu ya kilili cha mawe, akafumba macho, nasi tukanyamaza sote. Kijana akatuambia ya kuwa watu kwa makumi walisongwa mle, na ya kuwa maji ya bahari yaliingia.

Tulipotoka nje Mama hakulia kama nilivyotazamia. Alionekana kama mtu aliyepewa barua isiyo yake. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, mle mna giza. Bibi alisema jua."

Kabla sijapata jibu, binti yangu akamgeukia yule kijana, akamwuliza kwa adabu, "Kaka, jengo hili lililo juu ya vyumba lilijengwa lini na nani?" Akajibu, "Lilijengwa na misioni, lilikuwa hospitali." Binti akauliza tena, "Na soko lilifungwa mwaka gani?" Kijana akasema, "Mwaka 1873." "Basi misioni ilijenga hospitali hii kabla ya soko kufungwa, au baada yake?" Kijana akacheka kidogo, akajikuna kichwa. "Baada yake, dada," akasema. "Ni kweli, wataalamu hubishana juu ya jambo hili. Wako wasemao vyumba hivi ni vya hospitali yenyewe, havikuwa vya watumwa kamwe. Lakini wageni hutaka kuona mahali."

Namsifu kijana yule kwa kukubali. Mimi mwenyewe, ninayeitwa mwalimu, sikuwa nimeuliza swali hilo hata siku moja, ingawa miaka yote miwili nalikuwa nayo kichwani, mmoja huku na mwingine huku, kama majirani wasiosalimiana. Nilimgeukia Mama nikamwomba radhi. Akasema, "Hukudanganya, uliambiwa." Lakini binti yangu alikuwa akinitazama, nami nilijua ya kuwa kuambiwa si udhuru wa kutosha kwa mwalimu.

Tena si kwamba pale hapakuwa na soko. Lilikuwapo, wala halina shaka. Lilikuwa uwanja wa wazi, na watu waliletwa wakasimamishwa kwa safu, wakakaguliwa meno na mikono kama ng'ombe mnadani. Wengi walitoka bara ya kusini, kwetu na ng'ambo ya Nyasa, wakapitishwa Kilwa Kivinje, wakapakiwa majahazini. Nami siwezi kuacha neno moja hapa, ingawa ni chungu: waliowaleta mpaka pwani hawakuwa Waarabu peke yao. Machifu wa Kiyao walifanya biashara hiyo na kutajirika, na mimi ni Myao. Mwanangu wa kiume aliponiuliza, "Baba, sisi tulikuwa wauzaji au wauzwaji?" nilimjibu kwamba katika damu yetu huenda wamo wote wawili. Alinyamaza kwa muda mrefu kuliko desturi yake.

Mwaka 1872 Waingereza walimtuma Sir Bartle Frere kumtaka Sultani Barghash aipige marufuku biashara hiyo. Sultani alikataa, maana mashamba ya karafuu na mapato ya forodha yaliegemea huko. Balozi John Kirk ndiye aliyemaliza neno, kwa kumwonya ya kuwa manowari zitakizunguka kisiwa. Na tarehe 5 Juni 1873 Sultani akatia sahihi, soko likafungwa. Watu wengi hudhani ya kuwa siku ile watumwa wote walikuwa huru. Sivyo. Lililokatazwa lilikuwa kusafirisha watu baharini na kuwauza sokoni. Aliyekuwa mtumwa shambani alibaki mtumwa. Sheria ya kuondoa hali ya utumwa Unguja ilitoka mwaka 1897, nayo iliwaacha masuria, mpaka mwaka 1909. Na kwetu bara, mwaka 1922. Hesabuni wenyewe: wako wazee waliofariki tukiwa hai sisi ambao walizaliwa kabla ya mwaka huo wa mwisho.

Mwaka uleule wa 1873, siku ya Krismasi, liliwekwa jiwe la msingi la kanisa katika uwanja wa soko, na padre Steere, ambaye mwaka uliofuata aliwekwa askofu, ndiye aliyesimamia ujenzi. Paa lake limejengwa kwa mawe ya matumbawe na saruji, limepindwa kama pipa lililokatwa katikati, bila nguzo ya kulishika. Penye mlango wa magharibi watoto walifurahi kuona nguzo ndogo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu. Husimuliwa ya kuwa askofu alikuwa safarini, na mafundi walizisimamisha kwa akili yao wenyewe, naye aliporudi akaziacha. Upo pia msalaba wa mti, ambao husemwa umetokana na mti wa Chitambo ulikozikwa moyo wa Livingstone. Steere mwenyewe, aliyefariki mwaka 1882, amezikwa nyuma ya altare. Kwa sisi walimu mtu huyo ana jambo lake lingine: kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja kilitoka mwaka 1870, na Kiswahili hicho cha Unguja ndicho kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 kiwe msingi wa lugha ya shule zetu zote. Nilisimama pale kitambo, mpaka mke wangu akanivuta kanzu.

Mbele ya altare sakafuni lipo duara la marumaru. Hapo, kwa masimulizi ya kanisa, palikuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Mama alilitazama duara lile, kisha akatazama juu darini.

"Hapa palikuwa wazi?" akauliza.

"Ndiyo, Mama. Palikuwa uwanja."

"Hapakuwa na paa?"

"Hapakuwa na kitu."

"Basi jua lilipiga hapa," akasema, akavua viatu.

Sikumwuliza kwa nini. Alitembea peku kutoka mbele ya altare mpaka mlango wa magharibi, kisha akatoka nje akalizunguka kanisa lote, hata upande wenye kokoto, nasi tukamfuata kwa mbali. Nje ipo kumbukumbu iliyochongwa na mwanamke wa Sweden, Clara Sörnäs, mwishoni mwa miaka ya 1990: ndani ya shimo wamesimama watu watano wa mawe, wamefungwa mnyororo wa chuma shingoni. Nyuso zao hazina hasira wala machozi, zimechoka tu. Mama aliwahesabu kwa kidole kama tunavyohesabu watoto jioni. Hapo ndipo alipolia.

Karibu yake yamo maonyesho ya habari za utumwa wa Afrika Mashariki, yaliyofunguliwa mwaka 2016. Anayekwenda na watoto wanaojua kusoma asiyapite upesi. Sisi tulikaa saa nzima, na binti yangu akajaza kurasa tano za daftari lake.

Toka hapo tukaingia vichochoroni. Ndugu, vichochoro vile vya Mji Mkongwe havina mantiki ya mtu wa bara. Kwetu njia huenda mahali. Huko njia huzunguka, hurudi, hupita chini ya nyumba, kisha hukuleta mlangoni pa mtu anayekaanga samaki. Nyumba ni ndefu na karibu karibu, hivi kwamba jua haliingii ila saa sita, na upepo wa bahari hupita chini kama mtoni. Mwanangu wa kiume alianza kuhesabu milango iliyochongwa, akafika hamsini na tatu akachoka. Iko yenye nakshi za maua na samaki, iko yenye miiba mikubwa ya shaba, desturi iliyotoka Bara Hindi ambako husemwa iliwekwa kuzuia tembo wasisukume milango kwa vichwa. Unguja hakuna tembo, lakini mwenye mali hakukosa sababu ya kuonyesha shaba yake. Mwaka 2000 mji huu uliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia. Ni mzuri kweli. Mke wangu alipouona mlango mmoja mkubwa kupita yote, akasema, "Mtu aliyeuweka huu alikuwa tajiri." Mama akajibu, "Karafuu," na baada ya hatua mbili akaongeza, "na wachumaji wake."

Tulipokuwa tukitazama milango hiyo ndipo tulipogundua ya kuwa kitinda mimba hayupo. Mzazi yeyote anajua hali ile. Sina haja ya kuieleza. Mke wangu alikimbia huku, mimi kule, nikapotea mimi mwenyewe, nikarudi mahali palepale mara tatu. Moyoni nilikuwa na wazo moja baya ambalo sikutaka kulitaja mbele ya Mama, nalo nilikuja kujua baadaye kwamba yeye pia alikuwa nalo: mtoto wa Masasi, amepotea Unguja.

Tulimkuta ameketi juu ya baraza, yaani ile sakafu ya mawe iliyojengwa kando ya kuta za nyumba, wanapokaa watu jioni na wanapopita mvua inapojaza njia. Alikuwa kati ya wazee wanne waliovaa kofia, mkononi ana kipande cha kashata, anawaeleza habari za mbuzi wetu.

"Shikamooni, wazee," nikasema huku nikihema.

"Marahaba, mwalimu," akajibu mkubwa wao.

"Umejuaje, mzee, ya kuwa mimi ni mwalimu?"

"Mtoto ametueleza yote. Tumejua mbuzi wenu wangapi, na yupi anayekula nguo. Kaeni mnywe kahawa. Huyu hakupotea, amekaa mahali pamoja. Waliopotea ni nyinyi mliokuwa mkizunguka."

Wakacheka, nasi tukacheka, ingawa magoti yangu yalikuwa bado yakitetemeka. Tukakaa, tukanywa kahawa chungu katika vikombe vidogo. Mzee mkubwa alimwuliza Mama ametoka wapi na amekuja kwa shughuli gani, naye akamwambia bila kuficha: mama wa bibi yangu aliletwa hapa mtumwa, nimekuja kutazama. Nilihofu kidogo, nisijue neno hilo litapokewaje. Mzee alishika kikombe chake bila kunywa. Kisha akasema, "Bibi yangu mimi pia hakuja kwa hiari yake. Alikuwa Mnyasa. Sisi wengi hapa ni hivyo, ila hatusemi." Wakaongea wawili hao kwa muda, kwa sauti ya chini, mambo mengine sikuyasikia. Tulipoondoka walikataa kabisa fedha ya kahawa.

Mchana tulitazama yale ambayo kila mgeni hutazama. Ngome Kongwe ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya Wareno kufukuzwa mwaka 1698, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Baadaye imekuwa gereza, na mwanzoni mwa karne ya ishirini garimoshi la Bububu lilianzia mbele yake. Watoto hawakutaka kuamini ya kuwa Unguja palikuwa na garimoshi. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883, ambalo lilikuwa na taa za umeme na chombo cha kuwapandisha watu ghorofani, tulilitazama kwa nje tu. Upande wake mmoja ulianguka tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa matengenezo, wakafa watu wawili. Mbele yake, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zilipiga mizinga kwa dakika 40 hivi kumwondoa Sayyid Khalid, wakauawa na kujeruhiwa watu mia tano na zaidi. Mwanangu aliyapenda sana mambo ya mizinga, kama wavulana wote. Katika bustani ya Forodhani tulikula urojo, na Mama akauliza kwa nini kwetu hatujui kupika kitu hiki. Mke wangu akaona ameguswa, akaomba maelezo kwa mpishi, naye akampa nusu yake tu.

Nilitaka turudi nyumbani tupumzike. Lakini binti yangu, ambaye muda wote alikuwa akisoma daftari lake, alisema ana neno, kisha akanitazama kama aombaye ruhusa. Nikamwambia aseme.

"Bibi," akasema, "nimefikiri juu ya miaka. Bibi yetu alifika Masasi mwaka 1876 akiwa msichana. Na watoto wengi waliolelewa na misioni hawakununuliwa sokoni. Walikamatwa majahazini na manowari, wakashushwa hapa, wakapelekwa kwa balozi, naye akawagawa. Wavulana watano wa kwanza walipewa misioni mwaka 1864. Labda hata yeye hakusimama sokoni. Labda alisimamishwa juani mbele ya balozi, siku aliyofunguliwa."

Nilitaka kumkemea, kwa kuwa nilidhani amemnyang'anya bibi yake kitu cha pili siku ile moja. Lakini Mama aliuliza tu, "Na wasichana waliofunguliwa walipelekwa wapi?"

"Mbweni, Bibi."

"Ni mbali?"

Si mbali, ni mwendo wa daladala upande wa kusini wa mji. Misioni ilinunua shamba huko mwaka 1871, ikajenga kijiji cha watu waliofunguliwa na shule ya wasichana, ambayo kwa miaka mingi iliongozwa na Caroline Thackeray, mwanamke Mwingereza aliyefika mwaka 1877 akafa hukohuko mwaka 1926. Kwa hiyo yeye hakumkuta msichana wetu; alikuwa amekwisha kwenda zake. Shule sasa ni magofu. Kuta zimesimama bila paa, mizizi imeshika mawe, na madirisha yanatazama bahari. Hakuna wageni wengi, hakuna wa kukuongoza, wala hakuna mnyororo wa kuonyesha. Nalidhani watoto watachoka hapo upesi, nao ndipo walipocheza kuliko mahali pote.

Mama alikaa juu ya kizingiti. Palikuwa na mwembe mkubwa karibu, naye aliutazama sana, nikajua anafikiri nini, na sikutaka kusema ya kuwa hata mwembe huo hatuna hakika nao. Nikakaa chini karibu naye.

"Mama, unasikitika ya kuwa hatukupata mahali penyewe?"

Akafikiri. "Sikuja kutafuta mahali, mwanangu. Yeye alivutwa katika njia zile, hakujua ziendako. Nalitaka mtu wa kwake apite humo kwa miguu yake, akichoka akae, akitaka kuondoka aondoke. Basi nimepita." Kisha akageuka akamwita binti yangu. "Na wewe, uandike yote mawili, la sokoni na la balozi, maana hatujui. Na jina lake la kwanza uache nafasi."

Binti yangu aliandika palepale, daftari juu ya goti. Nilitazama juu ya bega lake, nikaona ameacha mstari mzima mtupu.

Kesho yake asubuhi tulikuwa bandarini mapema. Watu ni wengi, wanasukumana, wana magunia ya viungo na masanduku. Mimi ndimi niliyekuwa nimeshika tikiti zote sita, kama baba wa nyumba afanyavyo. Tulipokaribia mlango wa chombo Mama alinyosha mkono, akasema, "Nipe yangu." Nikamwambia asijisumbue, nitaonyesha zote pamoja. Hakuushusha mkono. Nikampa, akaishika kwa vidole viwili, akatangulia.